Majeraha Aliyoandikiwa Komeo

Dokta hakuwa daktari, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukuambia. Alikuwa mkandaji wa timu. Ujanani alisukuma vitanda vya wagonjwa katika wodi ya mifupa kwa miaka sita, huku akitupia jicho mikono ya wataalamu walipokuwa wakinyoosha viungo vya watu, na alichokiiba kwa macho ndicho kilichomlisha yeye, mkewe na binti zao wawili kwa miaka ishirini na moja. Wachezaji walimwita Dokta kwa utani. Utani ukizeeka huwa jina, na jina likizeeka mwenyewe huanza kuliamini. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, lakini hilo tutalifikia.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za jukwaa kuu. Humo mlikuwa na meza moja ndefu iliyovikwa ngozi bandia ya kijani, iliyochanika pembeni na kuzibwa kwa plasta, jiko dogo la umeme la kuchemshia maji ya taulo, benchi la kusubiria, na kidirisha kisichozidi ukubwa wa daftari ambacho kilikuonesha miguu tu ya wapita njia. Siku ya mechi mashabiki waliporuka huko juu, chokaa ilidondokea migongo ya wachezaji, na Dokta aliifuta kwa kiganja bila kukatiza mazungumzo. Harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa imeingia hadi kwenye kuta. Mkewe alidai anaisikia hata kwenye picha yao ya harusi, ingawa harusi iliitangulia kazi hiyo kwa miaka mitatu.

Klabu ilikuwa na sheria moja kuhusu chumba kile. Kila aliyelala mezani lazima aandikwe: tarehe, jina, na mahali panapomuuma. Kila Ijumaa daftari lilipelekwa kwa kocha, na aliyeonekana humo mara mbili ndani ya wiki moja alikaa nje. Viongozi walisema ni sheria ya kuwalinda wachezaji. Labda ilikuwa hivyo siku ilipotungwa. Lakini wachezaji walijua kwamba mkataba wa mtu ukikaribia kwisha, wakubwa hufungua daftari kabla ya kufungua mdomo, na mwenye jina lililojaa humo hufunga virago. Kwa hiyo vijana walichechemea mpaka kwenye kona ya ukumbi, kisha wakaingia kwa Dokta wakitembea wima kama askari, wakamsalimia shikamoo ya adabu zote, wakauliza kwa sauti ya chini kama inawezekana wakandwe bila kuandikwa. Dokta alikataa. Sheria ni sheria, na yeye alikuwa na watoto wa kusomesha.

Aliyepata dawa ya tatizo hilo alikuwa nahodha. Alikuwa beki wa kati, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na mashabiki walimwita Komeo kwa sababu mlango ukifungwa naye haufunguki. Alasiri moja winga mmoja mwembamba, waliyemwita Sindano, alikuwa amelala mezani akiuma taulo kwa maumivu ya paja. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mkataba uliobakiza miezi miwili. Dokta alipoishika kalamu, kijana akaanza kulia, kilio cha kweli chenye makamasi. Komeo alikuwa benchini akijifunga bandeji. Hakuinua hata kichwa.

"Niandike mimi," alisema.

Dokta akadhani hakusikia vizuri. Komeo akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba yeye hakuna atakayethubutu kumwacha, na kocha akiliona jina lake atacheka tu na kusema mzee anapenda kukandwa. Kisha akamgeukia Sindano na kumpa sharti: atapumzika mechi mbili, atake asitake. Akaenda mwenyewe kwa kocha, akamwambia yule mtoto ameanza kiburi, awekwe nje mechi mbili apate adabu. Kocha alifurahi kuwa na nahodha mkali. Sindano akakaa nje, akanuna, paja likapona.

Mchezo huo uliendelea miaka saba. Nyonga ya kiungo, kifundo cha kipa, mgongo wa mshambuliaji, vyote viliingia daftarini kwa jina la Komeo, na kila mmoja aliyefichwa alipumzishwa kwa kisingizio kingine. Mmoja alikuwa mchelewaji, mwingine mbishi, mwingine eti amenenepa. Ungelisoma daftari lile bila kumjua mwenyewe, ungejiuliza mtu huyo huamkaje kitandani. Kumbe mikono ya Dokta ilijua kwamba pale klabuni hapakuwa na mwili mzima kuliko ule. Magoti yalikunjika bila sauti. Mgongo ulikuwa mlaini kama wa kijana. Ijumaa asubuhi, kabla daftari halijapelekwa kwa kocha, Komeo alichungulia mlangoni na kuuliza, "Leo naumwa wapi, Dokta?" Dokta alimsomea orodha, wakacheka mpaka maji ya taulo yakakauka jikoni.

Zilikuwa siku nzuri. Nalisema hilo wazi kwa sababu mbele huko sitapata nafasi ya kulisema tena.

Kisha klabu ikapata mwenyekiti mpya. Hakuwa mtu mbaya, jambo ambalo linaudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemlaumu ukalala. Alikuwa mchapakazi, alifika ofisini kabla ya mfagiaji, na alikuwa na imani moja kubwa, kwamba chochote kisichohesabika ni porojo. Akaleta mtaalamu wa takwimu, kijana mpole mwenye kompyuta. Wakaagiza madaftari yote ya miaka saba yapelekwe ofisini.

Na hapa Dokta akafanya kosa ambalo hadi leo hulikumbuka akiwa ananyoa ndevu. Alifurahi. Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwomba karatasi yoyote kwa heshima, na sasa wasomi walitaka maandishi yake. Kurasa nyingi zilikuwa zimelowa dawa na maji ya taulo, wino umetawanyika. Angeziacha vile zilivyo, nusu yake isingesomeka. Yeye akanunua daftari jipya, akakaa alasiri mbili nzima kwenye benchi la kusubiria akiyanakili yaliyofifia, kwa mwandiko wa kujipamba, herufi zimesimama, mistari imepigwa kwa rula. Kila penye jina la Komeo aliandika Komeo. Hakulifikiria. Alikuwa ameizoea chumvi ile kiasi kwamba hakuionja tena.

Wiki mbili baadaye akaitwa ofisini, akapanda huku taulo likiwa bado begani. Ukutani walikuwa wamemulika picha ya mwili wa mtu asiye na uso, umejaa nukta nyekundu kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Kila nukta ilikuwa siku moja ya daftari. Mtaalamu akasema ziko mia mbili na kumi na nne, na kwa haki yake, alisema kwa sauti ya pole. Komeo alikuwa ameketi chini ya picha ile, viganja juu ya magoti, akiitazama kama anayeoneshwa picha ya ndugu ambaye hakuwahi kumwona. Mezani palikuwa na mikataba minne ya kuongezwa, na Dokta aliyatambua majina kwa mbali. La Sindano lilikuwa juu.

"Mzee, haya ni maandishi yako?" mwenyekiti aliuliza.

Dokta akasema ndiyo. Akaulizwa kama ana la kuongeza. Komeo akageuza kichwa akamtazama.

Kwa muda ambao huchukua mtu kumeza mate, Dokta alifikiria mambo mengi. Akisema daftari ni la uongo, atakuwa amekiri kughushi kwa miaka saba, na atatoka pale hana kazi. Watauliza maumivu yalikuwa ya nani, na ile mikataba minne itachanwa mbele ya macho yake. Binti yake mkubwa alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa chuo. Na yale macho ya Komeo yalikuwa yanasema nini? Dokta akayasoma. Akasoma kwamba nahodha anamwambia anyamaze, awalinde watoto wa timu kama walivyowalinda siku zote. Alifarijika sana kusoma hivyo. Akasema hana la kuongeza.

Basi timu ikamtema Komeo akiwa na miaka thelathini na mitano, kwa barua ya aya tatu iliyomshukuru mara mbili. Alishuka chini kuchukua ndara zake. Akamwambia Dokta ile meza mguu mmoja unacheza, apeleke kwa fundi. Akampa mkono, akatoka, na Dokta akaiona miguu yake ikipita kwenye kidirisha, inatembea sawasawa kabisa.

Nyumbani Dokta alimweleza mkewe yote, maana hakuwa na siri kwake. Mkewe alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Kwa hiyo ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi umeshasema," mkewe alijibu, akaendelea kukunja nguo.

Msimu wa kwanza watu walijidanganya. Walinunuliwa mabeki wawili warefu, vijana, wenye mbio, na kweli walikimbia, mara nyingi kuelekea wasikotakiwa. Lakini kilichoiua timu hakikuwa mabeki. Chumba cha kukandia kilikauka. Vijana hawakuwa tena na jina la kujifichia, wala mtu wa kuwatungia kiburi wapumzishwe. Wakaacha kabisa kwenda kwa Dokta. Walinunua vidonge vya maumivu mitaani, wakachomwa sindano na watu wasiowajua, wakacheza. Dokta alikaa na daftari jipya lenye kurasa safi, na mwenyekiti aliposoma ripoti kwamba majeraha yamepungua kwa asilimia sitini, alimtumia salamu za pongezi.

Dokta aliona. Hata kupitia kile kidirisha, kwa miguu tu, alijua nani anaumwa wapi. Alimwita Sindano mara mbili kuhusu kisigino chake. Sindano alimjibu kwa heshima kwamba hana tatizo, akaondoka akichechemea pale alipodhani haonekani. Mwezi uliofuata, katikati ya mechi, bila kuguswa na mtu, kano ya kisigino chake ikakatika. Dokta alikuwa kwenye benchi la akiba na aliusikia mlio wake, kama ukanda wa kandambili unapokatika. Alikimbia uwanjani na mkoba wake ambao haukuwa na chochote cha kumsaidia. Sindano alikuwa na miaka ishirini na saba, na hakucheza tena. Kabla msimu haujaisha, kipa na kiungo nao walikuwa wameanguka. Walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja.

Msimu wa pili haukuwa na hata hiyo moja ya kutegemea. Ilipofika katikati walikuwa mkiani, na fundi cherehani mmoja aliyekaa kila mechi nyuma ya benchi alikuwa akimwimbia mwenyekiti msemo uleule bila kuchoka, usiache mbachao kwa msala upitao, mpaka uwanja mzima ukaujua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakutuambia mjukuu huyo akifika hufikia nyumba ya nani.

Mwenyekiti alimwita Dokta. Alikuwa amekonda. Alisema takwimu ziliwadanganya, kwamba hakuna usiku aliolala vizuri tangu Sindano aanguke, na kwamba anataka Komeo arudi kwa mechi kumi na moja zilizobaki. Hata asipokimbia, vijana wamwone tu amesimama pale. Dirisha dogo la usajili lilikuwa linafungwa baada ya siku nne. Alitaka neno la mkandaji tu.

"Si wanasema ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini?" alisema, akijaribu kutabasamu. "Nenda ukamtazame, mzee wangu. Ukiniandikia ni mzima, nasaini."

Dokta alitaka kumwambia kwamba ng'ombe huyo alifukuzwa akiwa na miguu yote minne. Hakusema, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshaanza kuruka kwa furaha. Mungu amempa nafasi ya pili. Safari hii ataandika ukweli, na ukweli ni neno moja, mzima. Alichukua daftari, dawa ya kuchua na taulo safi, akatoka bila hata kufunga chumba.

Komeo alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka, shabiki wa kutupwa, alimwajiri ili awavutie wateja. Kwa miezi michache Komeo alikaa mbele akipigwa picha na watu. Wateja walipochoka kumtazama alihamishiwa nyuma, kwenye bohari, kupakua mifuko ya saruji kutoka kwenye malori. Dokta alimkuta huko. Alimwona akiteremka kwenye lori na mfuko begani, akitanguliza mguu wa kulia kila ngazi, akiuvuta wa kushoto uufuate. Dokta alisoma miguu maisha yake yote. Alisimama palepale mlangoni, taulo mkononi, hakutaka kusogea.

Komeo alipomwona alifurahi kweli. Aliweka mfuko chini, akajifuta vumbi la kijivu kwenye kope, akauliza habari za mama na mabinti. Dokta alimweleza alichotumwa, maneno yakitoka haraka haraka. Komeo alitandika maboksi juu ya rundo la mbao, akavua shati, akalala kifudifudi kama zamani.

"Leo naumwa wapi, Dokta?" aliuliza, uso ukiwa umelalia mbao.

Dokta aliweka mikono. Alianza na mgongo, na chini kabisa, upande wa kushoto, vidole vyake vikakuta palipokakamaa kama ubao. Akaenda kwenye nyonga. Akashuka kwenye goti, akalikunja, likasaga kama mchanga chini ya mlango. Kifundo kilikuwa kimevimba uvimbe wa muda mrefu, ule usioshuka tena. Alipitia mwili mzima, na kila mahali alipogusa alipakumbuka, kwa sababu alipaandika yeye, kwa mwandiko wa kujipamba. Saruji ilikuwa imepita kwenye daftari lake ikitekeleza mstari baada ya mstari.

Alilia. Hakujificha, alikuwa mtu mzima na alilia, machozi yakadondokea mgongo wa Komeo uliojaa vumbi la saruji, naye akayafuta kwa kiganja kama alivyokuwa akifuta chokaa.

"Siku ile ofisini uliniangalia," Dokta alisema. "Nikadhani unaniambia ninyamaze."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, mtu akilielekeza.

"Sikutaka uwataje watoto," Komeo alisema. "Ungewataja, ningekukatalia mbele yao wote. Nilitaka useme tu kwamba mimi ni mzima. Basi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua."

Neno moja. Katika muda wote wa kujitetea, Dokta hakuwahi kufikiria kwamba kulikuwa na neno ambalo lisingemwangusha mtu yeyote. Aliliona sasa, dogo, jepesi, na lilikuwa limeoza.

Akashika daftari. Akasema ataandika mzima. Mechi kumi na moja si nyingi, atamfunga bandeji, atamkanda asubuhi na jioni, Komeo atasimama tu kama mwenyekiti alivyosema, na familia yake itapata kitu. Komeo aliinuka kwa hatua tatu, mkono kwanza, kisha goti zima, kisha lile jingine, akakaa kwenye mbao akivaa shati. Akatikisa kichwa.

"Nikianguka pale katikati," alisema, "watasema walikuwa sahihi tangu mwanzo. Na watoto wataamini kwamba nilikuwa mbovu siku zote. Hapana, Dokta. Umeniandika miaka saba kwa maumivu ya watu." Akafunga kifungo cha mwisho. "Mara hii niandike mimi."

Nje msimamizi alimwita, lori limeshafika. Komeo akamwomba dakika tano. Dokta akafungua ukurasa safi juu ya mfuko wa saruji, akapiga mstari kwa ukingo wa chupa ya dawa kwa kuwa hakuwa na rula. Akaandika tarehe, akaandika jina, akaanza na mgongo. Komeo alikaa pembeni yake akisubiri, akimrekebisha pale aliposahau kitu. Ukurasa ulijaa, Dokta akageuza wa pili.